Makoti Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Juzi niliingia duka moja pale Gungu kumnunulia mwanangu koti la mvua. Muuzaji alipolikunjua mbele yangu, ile harufu ya mpira mpya ikanipanda puani, nikakasirika papo hapo. Muuzaji alidhani nimeudhika na bei, maskini, akaanza kunipunguzia kabla sijafungua mdomo. Nikalipa, nikatoka, nikasimama barazani huku vijana wa bodaboda wakiniita "mama, twende." Wenzangu wa rika langu wananusa vitu wakakumbuka jiko la mama zao au nguo za sikukuu. Mimi nikinusa koti jipya la mvua nakumbuka watu wazima waliokaa kitako wakisubiri, na hasira ile haijaniisha mpaka leo, ingawa mvi zimeshaanza kunitembelea.

Tulikuwa tunakaa Bangwe, karibu na ziwa, kwenye nyumba ya serikali yenye bati lililopiga kelele wakati wa mvua mpaka mnaongea kwa mikono. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Yeye na Mama walitoka Tukuyu, wakaletwa Kigoma kwa uhamisho. Kaka yangu Gwakisa aliachwa huko huko kwa babu ili amalize shule, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu. Mama hakuipenda sana Kigoma mwanzoni, alilalamika kuhusu joto na kuhusu harufu ya dagaa iliyoingia hadi kwenye mito ya kulalia, lakini mvua ilipoanza alichangamka. "Kwetu mtu anazaliwa na mwavuli mkononi," aliwaambia majirani, wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza siku moja mwavuli wangu niliozaliwa nao aliuweka wapi, akaniangalia kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa. Huko ng'ambo kulikuwa na vita, hilo nililijua kama nilivyojua kwamba kuna nchi inaitwa Ulaya, bila kuliona. Nilichokiona ni maboti ya mbao yanayokuja yamejaa watu hadi pembeni, wanashuka na magodoro, na masufuria, na mbuzi mmoja mmoja, halafu wanakaa. Ilibidi wasubiri maroli ya kuwapeleka kambini, na maroli hayakuwa na haraka. Basi wakasubiri pale pale ufukweni, Bangwe hadi Katonga: kwenye baraza za watu, chini ya mitumbwi iliyogeuzwa, na chini ya vichanja, zile meza ndefu za fito na nyavu wanazoanikia dagaa. Ilikuwa masika. Hakukuwa na jua la kuanika kitu chochote, kwa hiyo juu ya vichanja hapakuwa na dagaa, na chini yake palikuwa na watu, na mvua ilipita kwenye nyavu kama vile hakuna kitu.

Jirani yetu Bi Mwamvua alikuwa mwenyeji wa Ujiji aliyehamia Bangwe kwa biashara ya dagaa. Jina lake nililipenda kwa sababu nilidhani linatokana na mwavuli, na kweli alikuwa na mmoja mzuri, wa maua mekundu, aliotembea nao hata siku za jua. Siku moja nilisema neno "wakimbizi" mbele yake, akanikata jicho.

"We mtoto, nani anakimbia hapo? Umemwona mtu anakimbia?"

Nikatazama ufukweni. Wote walikuwa wamekaa.

"Hujamwona. Basi sema wageni. Mtu akikufikia mlangoni ni mgeni, huna jina jingine la kumpa."

Nikashika. Kuanzia siku ile, kichwani mwangu, mgeni ilikuwa na maana moja tu: mtu aliyevuka ziwa na sasa analowa.

Mama naye alianza kwa mtu mmoja. Alasiri moja alisimama dirishani akimtazama bibi kikongwe aliyejibanza kwenye ukuta wa choo chetu cha nje, mvua inamshukia begani. Alichukua mwavuli wake akatoka nao, akarudi hana mwavuli, amelowa chapachapa, na akaanza kuongea peke yake kwa Kinyakyusa. Kesho yake akaanza kuzunguka. Alikwenda kwa walimu, kwa manesi, kwa watumishi wenzake Baba waliotoka mikoani, akaenda msikitini na kanisani, kote akisema jambo moja: leteni chochote kinachozuia mvua. Watu wakaleta. Makoti meusi ya mpira ya walinzi, makoti ya njano ya watu wa barabara, miavuli yenye mbavu nzima na yenye mbavu zilizovunjika, kofia, vipande vya turubai. Bi Mwamvua alitoa ule wa maua mekundu, akasema hautaki, unamchosha mkono, na kila mtu alijua anadanganya. Mtu mmoja alileta gambuti la mguu wa kushoto tu. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, ndaga," kisha akakaa akilitazama muda mrefu.

Vitu vyote viliwekwa chumbani kwangu, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kitasa kinachofunga. Rundo lilipanda hadi usawa wa dirisha. Nililala nimezungukwa na mpira, na mvua ilipokuwa ikipiga bati harufu ilizidi. Sikuchukia hata kidogo siku za mwanzo. Nilijiona mlinzi wa kitu kikubwa, na nilijua keshokutwa tutakibeba pamoja na Mama, twende nacho ufukweni, na watu watavaa, na mimi nitapata nafasi ya kuwafunga vifungo.

Halafu akaja Mama Mwenyekiti.

Huyu alikuwa mke wa mkuu wa Baba kazini. Kwa hiyo alikuwa mwenyekiti wa vitu vyote: wa kikundi cha akina mama, wa maziko, wa maharusi, hata wa foleni ya maji akiwepo. Aliingia chumbani kwangu bila kuvua viatu, akalitazama rundo, akashika koti moja kwa ncha za vidole.

"Mama Gwakisa, umefanya kazi. Kwa kweli umefanya kazi. Sasa tusiiharibu kwa kugawa ovyo ovyo."

"Nilifikiri kesho asubuhi," alisema Mama, "kabla mvua haijaanza."

"Kesho? Na nani? Na sare gani?" Mama Mwenyekiti alicheka. "Hapana, dada yangu. Tuunde kamati. Tutafute kitenge kimoja, tushone. Hivi vitu havitoki humu mpaka mgeni rasmi afike."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, na sentensi ile niliisikia vizuri sana. Mgeni nilimjua ni nani. Rasmi lilikuwa jina. Darasani kwetu tulikuwa na Rashidi, Rajabu na Ramla, kwa hiyo Rasmi hakunishangaza. Nikaelewa kila kitu: kuna mgeni mmoja, mkubwa wao pengine, anaitwa Rasmi, bado yuko ng'ambo, na wenzake hawawezi kugusa makoti kabla yeye hajafika, kama nyumbani kwetu Baba hajaketi hakuna anayegusa ugali. Niliona ni adabu nzuri tu. Nilichoomba ni Rasmi awahi boti.

Hakuwahi. Kwanza nilisikia ana kikao mahali. Halafu fundi hajamaliza sare. Halafu Rasmi alikuwa aje kwa ndege, lakini ndege imeshindwa kutua kwa ajili ya mawingu. Halafu anakuja kwa gari, barabara ya Kasulu imekatika. Na siku moja Mama Mwenyekiti alipita akiwa ndani ya gari la mumewe, akashusha kioo kidogo tu, akamwambia Mama: "Tumeahirisha tena, mwenzangu. Kwa sababu ya mvua."

Niliisikia kwa masikio yangu. Ugawaji wa makoti ya mvua uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Leo nikiisimulia habari hiyo watu wanacheka hadi machozi, na mimi nasubiri wamalize. Siku ile sikucheka wala sikukasirika, nilimhurumia Rasmi. Nilimwona amekwama mahali, amelowa, na koti lake liko chumbani kwangu.

Mama alikuwa anapungua. Ufunguo wa chumba aliufunga kwenye pindo la khanga yake, na nilimwona mara nyingi anaushikashika. Alijaribu kumwomba Mama Mwenyekiti wawape watoto wadogo kwanza, kimyakimya. Jibu alilopata alilirudia mezani mbele ya Baba, akiigiza na sauti: "Tukigawa leo, mgeni rasmi atakabidhi nini? Atakabidhi hewa?"

Baba hakucheka. "Mama Gwakisa, nakuomba, usishindane na yule mama. Mume wake ndiye anayeandika kama mimi nafaa au sifai. Na nyumba hii si yetu."

"Nyumba ninayo ya nini imejaa makoti?"

"Subiri tu. Watakuja."

Mimi nikaamua kama ni hivyo, Rasmi atafutwe. Baada ya shule nilianza kupita ufukweni, boti likitia nanga nauliza wanaoshuka: "Yumo Rasmi humu?" Wengine walitikisa kichwa, wengine hawakuelewa, mzee mmoja alinipa karanga. Niliuliza chini ya mitumbwi, niliuliza kwenye baraza. Mwishowe nikafika kwenye vichanja vya mwisho, upande wa Katonga, na chini ya kimoja alikaa mwanamke amempakata mtoto mchanga ndani ya kitenge. Mtoto alikuwa anapumua kwa sauti, kifua kinakoroma kama cha mtu mzima. Yule mwanamke alikuwa ameinama juu yake, mgongo umekuwa paa, na maji yanamtiririka shingoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Amahoro, mwana wanje," akaniitikia kwa lugha yake.

"Namtafuta Rasmi."

"Rasimi?"

"Mgeni Rasmi. Akifika, Mama atafungua chumba. Kuna makoti mengi ya mvua, na miavuli. Yamejaa. Lakini lazima afike yeye kwanza."

Aliinua uso. Jina lake lilikuwa Godeliva, nililijua baadaye, alitoka pwani ya ziwa upande wa Burundi, ambako Kiswahili wanakijua vizuri, wanakitia lafudhi yao tu. Alinitazama kwa makini, akitafuta kama namtania.

"Huyo Rasimi ni mwanamume?"

"Sijui."

"Hamumujui?"

"Hakuna aliyemwona. Tunamsubiri tu."

Mtoto akakohoa, kikohozi kirefu kilichomnyoosha miguu, naye akangoja kiishe, akampangusa mdomo kwa kiganja. Halafu akasimama taratibu akitoka chini ya zile fito.

"Twende," akasema. "Ni mimi."

Sijawahi kufurahi vile. Nilimshika mkono nikawa namvuta, namwelekeza pa kukanyaga kwenye matope, namwambia kuna koti la njano zuri sana nitamchagulia. Alitembea haraka, amemfunika mtoto uso.

Nyumbani kamati ilikuwa imekutana. Sare zilikuwa zimetoka kwa fundi siku ile na akina mama walikuwa sebuleni wakizijaribu, kitenge cha bluu chenye tausi, wanageukiana kuangaliana migongo. Nikasukuma mlango nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mgeni Rasmi amefika!"

Ungewaona. Waliruka wakasimama. Mmoja alitafuta viatu, mwingine akafunga kilemba upande, Mama Mwenyekiti akasafisha koo, na mara vigelegele vikalipuka, na wimbo waliokuwa wakiufanyia mazoezi ukaanza wenyewe, karibu mgeni wetu, karibu. Wakapiga makofi, wakayumba kushoto na kulia. Na mlangoni, katikati ya wimbo, akaingia Godeliva, miguu mitupu, maji yanamchuruzika hadi kwenye zulia.

Wimbo ulikatika sauti moja moja. Akabaki mwimbaji mmoja wa nyuma aliyekuwa amefumba macho, naye wenzake wakamfinya.

"Mtoto huyu amesema munanisubiri," Godeliva akasema.

Mama Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika kiti, na kwa kuwa yeye anacheka, wote wakacheka, wakaegemeana, wakapangusa macho kwa sare mpya. "Jamani! Ndiye mgeni rasmi! Jamani, mtoto huyu ataniua!" Godeliva alisimama pale pale akiwatazama mmoja mmoja. Hakuona haya na hakukasirika. Alikuwa anasubiri wamalize afunguliwe chumba.

Mama hakucheka. Nilikuwa namtazama yeye tu. Mkono wake ulishuka hadi kwenye pindo la khanga, kwenye fundo la ufunguo, na vidole vikaanza kulifungua.

"Mama Gwakisa," akasema Mama Mwenyekiti. Alikuwa ameshaacha kucheka.

Mkono wa Mama ukarudi juu. Akamtilia Godeliva chai kwenye kikombe kikubwa na kipande cha mkate, Godeliva akanywa akiwa amesimama, akashukuru kwa lugha yake, "urakoze," na Mama Mwenyekiti akamweleza kwa upole kabisa kwamba arudi mahali pake, siku ikifika wataitwa wote kwa utaratibu. Mlangoni Mama akamwuliza anakaa wapi. "Kwenye vichanja," akajibu, "vya mwisho." Akatoka mvuani.

Nililia kwa sauti. "Mama, si amefika? Si mlisema akifika?" Nikafinywa, nikapelekwa jikoni, na huko Mama akanieleza, uso wake ameugeuzia ukuta.

"Rasmi si jina. Mgeni rasmi ni mkubwa wa serikali."

"Na yeye analowa?"

"Halowi. Ana gari."

"Sasa makoti anapewa ya nini?"

"Hapewi. Yeye ndiye anayeyatoa."

"Kwani ni ya kwake?"

"Si ya kwake."

Nikaacha kuuliza, kwa sababu kila jibu lilizidi kunipoteza. Nimesoma shule nyingi tangu hapo, nimekaa kwenye kamati zangu mwenyewe, na bado maswali yale matatu sijaona yalikuwa na kosa gani.

Jioni ile nilikataa kulala chumbani kwangu. Nilisema makoti yananuka. Mezani hakuna aliyekula vizuri. "Yule mtoto kifua kinakoroma," Mama akasema, na Baba akasema tena neno lake la kusubiri, akisema ni siku mbili tu zimebaki, safari hii uhakika, na kwamba Mama atamponza. Nilimchukia Baba, lakini Mama nilimchukia zaidi, maana ufunguo ulikuwa kwake. Mvua ilikuwa inaanguka kwa namna ambayo hata ukiziba masikio unaisikia kwenye meno.

Asubuhi Bi Mwamvua alipiga dirisha kwa kiganja.

"Mama Gwakisa! Maroli hayo! Wameanza kuwapakia!"

Mama alikuwa anawasha jiko. Aliliacha na kiberiti kinawaka, akaja kwenye mlango wa chumba changu. Fundo likamgomea kwa haraka yake, akalikata kwa meno, akafungua. Akajaza mikono makoti hadi kidevuni. "Beba miavuli!" akanipigia kelele, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Baba alitokea na sabuni ya kunyolea shavu moja, akasema, "Mama Gwakisa, mama Gwakisa," lakini tulikuwa tumeshatoka.

Maroli yalikuwa njiani juu ya ufukwe, ya wazi, bila turubai. Watu walikuwa wamesimama nyuma wameshonana, mvua inawapiga vichwani. Mawili ya mbele yakaondoka tunafika, likabaki la mwisho, injini inanguruma, na nikamwona Godeliva pembeni, ameegemea ubao, amejikunja juu ya kile kitenge. Mama akakimbilia pale. Mgambo mmoja kijana, Muha, mwenyeji wa Kigoma, akamkinga kwa fimbo.

"Mama, samahani. Misaada haitolewi njiani. Inapita kwenye kamati."

"Kamati ndiyo mimi!"

"Sawa mama. Kibali kiko wapi?"

Makoti yalikuwa yanamteleza Mama mikononi, mengine yameshaangukia matopeni. Nilidhani atageuka, maana jana nilishamwona akigeuka. Lakini alimsogelea yule kijana hadi fimbo ikamgusa kifua.

"Sitoi msaada," akasema. "Yule pale mwenye mtoto ni mgeni wangu. Alikuja kwangu jana, akanywa chai yangu. Kwenu mgeni akiondoka hamumfungashii? Mama yako anamwacha mgeni atoke mikono mitupu?"

Yule mgambo akatazama fimbo yake. Nina hakika aliwaza mama yake, na kapu, na ndizi au maharage ambayo lazima yawekwe ndani yake hata kama nyumbani hakuna kingine.

"Huyo mmoja tu, mama," akasema chinichini.

Mama akampa Godeliva koti la kwanza lililokuja mkononi, jeusi, kubwa la mlinzi, na Godeliva hakulivaa, alilitandaza juu ya mtoto na juu ya bibi aliyekuwa ubavuni pake. Hapo mzee mmoja akaegemea ubao akasema, "Mama, nami nilikuja kwako."

Mama hakuwahi kumwona maishani. "Ulikuja," akasema, akamrushia koti.

"Na mimi nilikuja!"

"Ulikuja."

"Nami nilikunywa chai!"

"Ulikunywa, baba. Shika."

Lori zima lilikuwa limewahi kuja kwetu. Mikono ilishuka, Mama anarusha, mimi natupa miavuli, na mgambo amegeuka anatazama ziwa kama mtu anayesubiri boti. Kisha mikono yetu ikawa mitupu na ya kwao bado imenyooka. Mama akakimbilia upande wa dereva akapiga mlango. "Ningoje! Niko hapo tu, chumba kimejaa! Ningoje nilete vingine!" Dereva akanyoosha kidole kuonyesha wenzake walikopotelea, na lori likaondoka. Nusu yao ya nyuma walikuwa vichwa wazi. Nilimwona Godeliva anatazama, hakupunga mkono, yote miwili ilikuwa imeshika koti. Yule mtoto kama alipona sijui. Niliuliza kwa miaka, kambi zilikuwa nyingi, watu walihamishwa na kurudishwa, na hakuna aliyenijibu.

Sherehe ilifanyika, jamani, msidhani haikufanyika. Mgeni rasmi alikuja siku ya jua kali, na kwa kuwa ufukweni hapakuwa na mtu, waliitwa akina mama wauza dagaa wakakalishwa kwenye mikeka wawe wageni. Bi Mwamvua alikabidhiwa mwavuli wa maua mekundu aliokuwa ameutoa mwenyewe, akapigwa picha, akaambiwa atabasamu. Mama hakuwepo, na ile sare yake alikuwa ameshaipasua vitambaa vya kudekia.

Lakini asubuhi ile tulikuwa bado hatujayajua hayo. Tulirudi nyumbani tunatembea katikati ya njia, maji yanatutoka kila mahali, na mimi nilikuwa nampiga Mama mgongoni kwa ngumi huku nalia, namwambia jana, ungefungua jana, jana kulikuwa na muda. Hakunizuia. Baba alikuwa amesimama mlangoni, sabuni imemkaukia shavuni, amechelewa kazini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimtazama Mama, akamtazama yule mtoto wake anayepiga watu, akatazama chumba kilicho wazi.

"Sasa mkuu akiniuliza, nimwambie nini?"

Mama alivua viatu vyake, akamwaga maji nje ya kizingiti.

"Mwambie mvua ilinyesha."